Toleo jipya limetoka na bando ni ndogo: namna ya kulipata, kulikagua na kulisambaza

Kampuni za programu zina tabia moja inayokera. Zinatoa toleo jipya kana kwamba kila mteja ana intaneti isiyokatika na hana kazi nyingine siku hiyo. Kompyuta ya duka inaanza kuvuta data bila kumuuliza mtu, na kufika saa sita bando ya wiki imeisha huku mstari ukiwa umekwama asilimia arobaini. Ukipiga simu unaambiwa ujaribu tena baadaye, kwa bando yako.

Mwongozo huu ni wa wale wanaotunza kompyuta chache huku kwetu Kisumu na maeneo ya jirani: saiba ya Kondele, duka la vifaa vya ujenzi Luanda, maabara ya shule Maseno, ofisi ya sacco Yala. Si lazima uwe fundi. Msimamo wangu ni huu: usiiachie kampuni ikupangie jinsi toleo litakavyokufikia. Chukua faili nzima mara moja, ikague, kisha wewe mwenyewe uwe msambazaji.

Kwanza, jua unalalamikia nini

Watu wanasema tu "update inasumbua", lakini chini ya neno hilo kuna shida tofauti, na kila moja ina dawa yake.

Kuna ile ya toleo kutangazwa, jirani akalipata, wewe ukakosa. Hiyo mara nyingi si dharau. Kampuni makini hutoa toleo kwa awamu, wachache kwanza, ili likiwa na kasoro lisiwaangushe wote. Oktoba 2018 Microsoft ilitoa toleo la Windows 10 ambalo lilifuta mafaili ya baadhi ya watumiaji. Ilisimamisha usambazaji baada ya siku chache tu, na toleo hilo likarudi Novemba 13. Tarehe 19 Julai 2024 CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta, ilisukuma sasisho bovu kwa wateja wake kwa mkupuo, na kwa makadirio ya Microsoft kompyuta zipatazo milioni 8.5 zikaanguka. Kwa hiyo kama umechelewa kupata, subiri. Aliyepata kwanza ndiye anayefanya majaribio kwa niaba yako.

Shida ya pili ni mashine kukataliwa. Windows 11, iliyotoka Oktoba 5, 2021, inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, RAM ya GB 4 na nafasi ya GB 64, na kwa upande wa Intel prosesa zinazokubalika ni za kizazi cha nane kwenda mbele, ukiacha chache. Windows 10 nayo iliacha kupata huduma ya kawaida Oktoba 14, 2025. Kompyuta nyingi za "ex-UK" zinazouzwa mjini zimekaa katikati ya tarehe hizo: bado ni nzima, lakini toleo jipya halizitaki. Hapa hakuna ujanja wa upakuaji utakaokusaidia. Unaweza kuiandikisha mashine yako kwenye mpango wa masasisho ya ziada ya usalama wa Windows 10, ambao kwa mtumiaji wa kawaida umepangwa kuisha Oktoba 13, 2026, au uweke Linux, mfumo mwingine wa bure. Ukienda kununua nyingine, muulize muuzaji kizazi cha prosesa kabla hujatoa simu kulipa. "Ni i5, boss" si jibu.

Shida ya tatu ni programu uliyozoea kununua mara moja kuwa ya kukodi kila mwezi. Adobe, kampuni ya Photoshop, ilitangaza hivyo Mei 2013, na CS6, mkusanyiko wa programu zake, ikawa ya mwisho kwa mtindo wa zamani. Hiyo ni hesabu ya biashara, ipigie hesabu kama kodi ya nyumba.

Iliyobaki ndiyo ninayotaka kuizungumzia kwa urefu: toleo lipo, mashine yako inalikubali, leseni unayo, lakini kampuni inakupa kijifaili cha MB 2 ambacho ukikibonyeza ndipo kinaanza kuvuta mzigo wenyewe kutoka mtandaoni. Mashine tano, mzigo mara tano. Stima ikipotea, unaanza sifuri.

Funga bomba kabla ya kitu kingine

Kwenye Windows, ingia kwenye mipangilio ya mtandao, chagua Wi-Fi unayotumia, kisha washa "Metered connection". Kompyuta itaelewa kwamba data ni ya kupimiwa na itaacha kupakua masasisho mengi yenyewe. Kwenye ukurasa wa Windows Update unaweza pia kusimamisha kwa muda. Windows 11 inaruhusu hadi wiki tano. Usiache imesimama milele. Masasisho ya usalama yana kazi yake, na mashine ya saiba inayochomekwa flashi za kila mtu ndiyo inayoyahitaji zaidi.

Ukiwa hapohapo, tafuta sehemu ya "Delivery Optimization". Inaruhusu kompyuta zako kugawana masasisho zenyewe kwa zenyewe, jambo zuri sana. Lakini ina chaguo mbili: kugawana na kompyuta zilizo kwenye mtandao wako wa ndani, au kugawana pia na za watu wengine huko intaneti. Weka ya kwanza. Ile ya pili inaweza kutumia bando yako kumpelekea mafaili mtu usiyemjua.

Kwenye simu, ingia Play Store, mipangilio, na uchague programu zijisasishe kwa Wi-Fi pekee.

Soma maelezo ya toleo, hasa mistari midogo

Unatafuta vitu vitatu tu: ukubwa wa mzigo, mfumo unaohitajika, na kama toleo jipya linabadilisha muundo wa data. Hicho cha tatu ndicho huangusha maduka. Programu nyingi za hesabu na stoo zikishafungua data yako kwa toleo jipya, lile la zamani haliwezi kuisoma tena. Ukiona maneno yanayosema hifadhidata "itageuzwa" au "itaboreshwa", jua hakuna kurudi nyuma bila nakala.

Tafuta kisakinishi kamili

Kisakinishi ni faili inayoweka programu kwenye kompyuta. Kilicho kamili mara nyingi kipo, ila kimefichwa. Ukurasa wa mbele una kitufe kikubwa cha rangi, na kitufe hicho ndicho kinachokupa kile kijifaili. Shuka hadi chini kabisa ya ukurasa, au andika kwenye kitafutio jina la programu pamoja na "offline installer", "standalone", "full package" au "MSI" (aina ya faili ya kusakinisha ya Windows). Firefox, kwa mfano, ina ukurasa tofauti wa mifumo na lugha zote wenye kisakinishi kamili. Chrome ina faili ya MSI iliyotengenezwa kwa ajili ya maofisi, na hata wewe mwenye mashine mbili unaruhusiwa kuichukua. LibreOffice, mbadala wa bure wa Office, haina mchezo huo kabisa: unachopakua ndicho unachosakinisha, faili yenyewe haifiki MB 500, na kuna hata torenti, yaani kupakua kwa vipande kutoka kwa watu wengi. Kwa Office, Microsoft inatoa bure zana iitwayo Office Deployment Tool, ambayo inapakua mzigo wote kwenye folda moja na kisha unasakinisha mashine zote kutoka folda hiyo.

Kama hukipati, mtafute aliyekuuzia leseni. Mawakala wa programu za hesabu na za mauzo mara nyingi wana ukurasa wao wa kuingia, wenye faili ambazo mteja wa kawaida haonyeshwi. Mwambie wazi: "Nataka faili nzima, si ya kuvuta mtandaoni." Wakala akishindwa kulielewa ombi hilo, omba kuzungumza na fundi wake.

Kuna mbinu moja ya mafundi pia. Endesha kile kijifaili kwenye mashine moja hadi kimalize kupakua, lakini usibonyeze kitufe cha mwisho cha kumaliza. Fungua dirisha la folda, andika %TEMP% pale juu, ubonyeze Enter, kisha panga yaliyomo kwa tarehe. Mara nyingine mzigo kamili umekaa pale, faili kubwa ya .msi au .exe yenye saa ya sasa hivi. Inakili pembeni kabla dirisha la kisakinishi halijafungwa, kwa sababu likifungwa programu hujisafisha. Si kila programu inafanya hivi, lakini kujaribu hakukugharimu kitu.

Ukishindwa kote, usikimbilie faili "zilizokrakiwa", yaani zilizovunjwa leseni, za kwenye vikundi vya simu. Mashine yenye hesabu za duka si mahali pa kujaribia bahati.

Hata kampuni kubwa hubadilisha njia. Apple ilipotoa Mac OS X Lion Julai 2011 iliiuza kupitia duka lake la mtandaoni peke yake kwa dola 29.99, mzigo wa karibu GB 4. Mwezi uliofuata ikaanza kuuza toleo lilelile kwenye flashi kwa dola 69. Bei ni zaidi ya mara mbili, ndiyo, lakini njia ya pili ilikuwepo.

Pakua mara moja, mahali pazuri, saa nzuri

Piga hesabu kwanza. Kasi ya mtandao hutajwa kwa biti, ukubwa wa faili kwa baiti, na baiti moja ni biti nane. Faili ya GB 5 kwenye laini inayotoa kwa kweli Mbps 5 (megabiti tano kwa sekunde) itachukua kama saa mbili na robo. Kwenye Mbps 2 ni zaidi ya saa tano na nusu. Mashine kumi zikipakua kila moja peke yake, umetumia GB 50 kwa kitu ambacho kingehitaji GB 5.

Kwa hiyo chagua mashine moja iwe ya kupakulia. Laptopu yenye betri inayokaa ni bora kuliko kompyuta ya mezani. Ukanda huu wa ziwa mvua yake hupenda kuja alasiri pamoja na radi, na stima mara nyingi huondoka nayo. Anza asubuhi mapema au usiku, na kama laini yako ina bando ya usiku, ndiyo kazi yake hiyo. Kama una rafiki mwenye faiba mjini, mwombe saa mbili za Wi-Fi.

Usitegemee kivinjari peke yake kwa faili kubwa. Tumia programu ya upakuaji inayoweza kuendelea ilipoishia. Kwenye Windows 10 na 11 tayari unayo: fungua cmd, lile dirisha la kuandikia amri, uandike

curl -L -C - -O kiungo

ukiweka anwani ya faili mahali pa neno "kiungo". Mtandao ukikatika, rudia amri ileile kwenye folda ileile na itaendelea palepale. Kwenye Linux, wget -c inafanya kazi hiyo. Kuna seva chache zisizoruhusu kuendelea. Ukikutana nayo, iandike kando, utaitaja kwenye malalamiko.

Ikague faili kabla hujaigusa

Watu wengi hupita hatua hii, halafu wanapiga simu: "Fundi, hii kitu inaniambia ni corrupt, na nimeshaipeleka mashine zote." Faili iliyopakuliwa kwa mtandao wa kukatikakatika inaweza kuonekana imekamilika na isiwe hivyo.

Kampuni nyingi huandika kando ya kiungo mfuatano wa herufi na tarakimu 64 unaoitwa SHA-256. Kwenye cmd andika

certutil -hashfile jina-la-faili.exe SHA256

na kompyuta itakutolea mfuatano wa faili yako. Usijaribu kulinganisha kwa macho, utachoka katikati. Bandika jibu hilo kwenye Notepad, nakili ule wa kampuni, bonyeza Ctrl+F na uubandike kwenye kisanduku cha kutafuta. Ukipatikana, faili ni ileile waliyoitoa. Usipopatikana, futa upakue upya, hata kama tofauti ni herufi moja.

Kampuni isipoweka mfuatano huo, bonyeza faili kwa kitufe cha kulia, ingia "Properties", uangalie "Digital Signatures". Jina la kampuni linapaswa kuwepo hapo, na ukifungua maelezo yake yaseme saini hiyo ya kidijitali ni halali.

Hifadhi ya zamani

Nakili vitu vitatu: data ya programu, kisakinishi cha toleo unalotumia sasa, na ufunguo wa leseni. Ziweke kwenye diski ya nje, si kwenye mashine hiyohiyo. Kisakinishi cha zamani ni muhimu kuliko unavyodhani, maana baadhi ya kampuni huliondoa toleo lililotangulia kwenye tovuti siku ileile wanayotoa jipya. Na kama leseni imefungwa kwa mashine moja, izime kwenye mashine ya zamani kabla ya kuihamisha, la sivyo utaanza kubembeleza huduma kwa wateja.

Jaribu moja, uchague siku tulivu

Chagua mashine isiyo ya keshia. Weka toleo jipya, ingiza mauzo ya uongo, chapisha risiti, toa ripoti, iache hivyo siku mbili tatu. Kama ni programu ya hesabu, kaa mbali na tarehe 9, ambayo ni mwisho wa kuwasilisha PAYE, na tarehe 20 ya VAT. Na kama duka lako liko upande wa Kibuye, Jumapili usiguse kitu.

Sambaza mwenyewe

Ukiridhika, sasa mzigo utoke kwako, usitoke Ulaya.

Njia ya flashi ndiyo nyepesi, lakini ina mtego mmoja. Flashi nyingi huja zikiwa za mfumo wa FAT32, ambao haubebi faili moja inayofika GB 4 hata kama flashi ni ya GB 64. Utaambiwa faili ni kubwa mno na utadhani flashi ni feki. Iumbize upya kwa exFAT, ukikumbuka kwamba kuiumbiza kunafuta kila kilichomo. Ukitaka kutengeneza flashi ya kuwekea Windows kwa zana ya Microsoft yenyewe, iwe ya angalau GB 8.

Kwa mashine zilizo chumba kimoja, shiriki folda kwenye mtandao wa ndani. Ruta haihitaji kuwa na intaneti kwa kazi hii. Hata hotspot ya simu inatosha: washa hotspot, zima data, unganisha kompyuta zote, na faili itapita kati yao bila kugusa bando. Hakikisha tu umechagua mtandao kuwa "Private" kwenye Windows, la sivyo folda haitaonekana.

Kwa simu, Play Store ina sehemu ya kushiriki programu: bonyeza picha yako, ingia kwenye usimamizi wa programu na kifaa, uchague kutuma, na mwenzako achague kupokea. Simu zinapelekeana zenyewe, bila data.

Kwa tawi la mbali, tumia gari la matatu. Kutuma flashi kutoka stendi ya Kisumu hadi Ugunja au Bumala ni haraka kuliko kupakua GB 5 huko, na kwa kawaida ni nafuu pia. Ifunge kwenye bahasha ngumu, andika jina na namba ya mpokeaji, chukua namba ya gari na ya dereva. Usiweke data ya wateja kwenye flashi hiyo, kisakinishi tu. Halafu mtumie mpokeaji ule mfuatano wa SHA-256 kwa SMS. Ni herufi 64, unaingia kwenye ujumbe mmoja na nafasi inabaki. Flashi ikifika, anaikagua kabla ya kuiingiza kazini, na hata kama ilipitia mikono mitatu njiani mtajua kama faili ilibadilishwa.

Sasa lalamika, kwa mpango

Matusi hayasomwi. Ombi lenye maelezo hufika kwa mtu wa kulitekeleza. Kama kampuni ni ya nje, andika kwa Kiingereza. Kama ni ya hapa, hata Kiswahili kitasomwa. Mfano:

"Sisi ni wateja wenu wa Kisumu, leseni ya mashine nne. Toleo jipya linapatikana kwa kisakinishi cha mtandaoni pekee. Kila mashine inapakua mzigo wote upya, na upakuaji ukikatika hauendelei, unaanza mwanzo. Tunaomba mambo matatu: kisakinishi kamili cha faili moja, SHA-256 yake, na toleo lililotangulia lirudishwe kwenye tovuti kwa miezi sita. Tumeambatisha picha ya ujumbe wa hitilafu, tarehe na saa."

Ongeza namba ya leseni na namba kamili ya toleo, si "hii mpya". Kama kuna wateja wengine mtaani wenye programu hiyohiyo, andikeni pamoja. Barua ya maduka sita haiwekwi kando kirahisi kama ya moja. Itaje namba ya ombi lako kila ukifuatilia, na uhifadhi kila jibu.

Kwa programu uliyolipia na haikufiki inavyopaswa, sheria iko upande wako. Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mtumiaji haki ya bidhaa na huduma zenye ubora unaokubalika, na haki ya kupata maelezo ya kumwezesha kufaidika nazo, na kuna Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012. Malalamiko ya namna hiyo hupelekwa kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Kama kilichokuudhi ni bando kuyeyuka, hiyo ni kesi ya mtoa huduma wa laini; anza kwake, kisha Mamlaka ya Mawasiliano.

Na wakikutumia kiungo cha kisakinishi kamili, kipakue siku hiyohiyo. Viungo vya namna hiyo mara nyingi huwekewa muda wa kuisha.